Mtu Aliyeketi Nami Ndani ya Chuma

Jioni ya tarehe 9 Agosti 2004 nilishuka kwenye gari mjini Ruangwa nikiwa na mfuko wenye shuka moja ya pamba, kanzu mbili za kubadilisha na barua ya daktari. Nilikuwa nimetoka Nachingwea kwa jambo la kawaida kabisa: nilikwenda kutibiwa.

Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Kwa hiyo nitaeleza kwanza niliyoyaona kwa macho yangu, kisha niliyoambiwa, na sitayachanganya. Msomaji atapima.

Mwaka 2002 mkanda wa jeshi ulinishika ubavu wa kushoto. Malengelenge yalikauka ndani ya wiki tatu. Maumivu hayakuondoka. Ngozi ilikuwa nzima, haina hata kipele, lakini chini yake mishipa ya fahamu iliwaka kana kwamba mtu asiyechoka ananimwagia uji wa moto, usiku na mchana. Shati likinigusa nilitetemeka. Mahakamani nililivuta kwa vidole viwili lisikaribie ubavu, na karani wangu, Ausi, aliwaambia wenzake kwamba Mheshimiwa anashika shati kama mtu aliyebeba panya kwa mkia. Nilimsikia. Sikumlaumu. Nilikuwa nimemeza kila kidonge kilichoandikwa, na kwa miaka miwili sikuwa nimelala saa tatu mfululizo.

Daktari niliyemuuliza juu ya tiba ya oksijeni kwenye chumba cha shinikizo alinijibu kwa uaminifu. Ilikuwa imethibitika kwa wapiga mbizi na kwa baadhi ya vidonda visivyopona. Kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, majaribio yalikuwa machache.

"Ushahidi dhaifu," nilisema.

"Dhaifu, Mheshimiwa. Lakini wewe unataka ushahidi au unataka usingizi?"

Chumba chenyewe kilikuwa katika ghala la zamani la korosho, nje kidogo ya mji, njia ya kuelekea Chunyu. Mwenyewe aliitwa Kornel. Alikuwa mchomeleaji wa vyuma aliyefanya kazi na wapiga mbizi huko Mtwara, na wale walipoondoka akabaki na chumba chao: bomba nene la chuma lililopakwa rangi nyeupe, refu kama tangi la lori la mafuta, lenye kidirisha kimoja cha kioo kinene. Alitibu jioni tu, kwa sababu mchana jua liligeuza chuma kile kuwa chungu.

Alinikagua kwa makini. Ndani ya oksijeni, cheche moja ingetuunguza.

"Kibiriti?"

"Sina."

"Mafuta ya nywele?"

Nilivua kofia, akakitazama kipara changu.

"Haya, hapo sheria imejitosheleza," alisema, bila kucheka. Kisha akashusha sauti. "Mara kumi, Mheshimiwa, usikatishe. Ndani utamkuta mtu wa kukuangalia. Ukipatwa na degedege, yeye ndiye atakayekuvua kinyago. Usimsemeshe. Masikio yake yameharibika."

"Ana mafunzo?"

"Anajua kukaa."

Niliingia. Mlango ukafungwa, komeo kwa komeo. Nje, mashine ya kujaza hewa ikaanza kunguruma.

Ssss...

Masikio yaliziba, nikameza mate, yakazibuka. Kinyago kilinuka mpira. Lakini chini ya harufu ile ya mpira palikuwa na nyingine, mbichi, ya maji maji. Niliitafuta akilini kwa muda mrefu kabla ya kuipata.

Mgomba uliokatwa.

Mtu yule aliketi mwisho wa benchi, amejifunika blanketi la kijivu mpaka puani. Hakuvaa kinyago. Hakugeuka. Dakika ya ishirini hivi, moto wa ubavuni ulipungua... ukapungua tena... na wakati huohuo mkono wake ukatoka polepole chini ya blanketi, ukashika ubavu wake wa kushoto.

Nilijiambia kwamba mambo mawili kutokea pamoja si hoja kwamba moja limezaa jingine.

Siku ya pili nilipata nafuu zaidi. Yeye aliinama zaidi. Siku ya tatu nilivaa shati kama watu wengine. Siku ya tano nilicheka barabarani bila sababu, na jioni ile, ndani ya chuma, nilimwona akikunja magoti hadi kifuani.

Siku ya sita aliguna.

Mguno mfupi, unaoanzia puani na kukatikia kooni. Niliujua. Mke wangu, Winfrida, alikuwa akiusikia kila usiku kwa miaka miwili.

Ulikuwa wangu.

Aliunyoosha mkono ajishikize kwenye ukuta wa chuma, na mwanga wa kidirisha ukauangukia. Kidole kidogo hakikuwepo. Kilikatikia chini kabisa, na kovu lake lilikuwa la zamani.

Hapa ni lazima nieleze shauri moja. Mwaka uliotangulia, ndugu wa marehemu Saturnini, mkulima wa Lionja, walikuja mbele yangu kuomba mirathi ya mikorosho yake. Mjane wake, Albina, alipinga. Waosha maiti wawili walikuwa wameapa kwamba mwili waliouosha ulikuwa na vidole vyote kumi. Albina akasimama, akasema mumewe alikatwa kidole kidogo na mashine ya kusaga kabla hata hawajaoana.

"Waliyemzika ni mgomba, Mheshimiwa," alisema. "Mume wangu amechukuliwa. Ni ndondocha wa mtu."

Watu wa kwetu hawahitaji maelezo. Husemwa kwamba mchawi humficha mtu machoni pa ndugu zake, akawaachia mgomba wauone kama maiti, wauoshe, waulilie, wauzike. Kisha mtu yule humtumikia mchawi, bila jina wala sauti. Nami nilifanya kama nilivyofundishwa. Uchawi haukuwa ushahidi. Kuhusu vidole niliandika: *tofauti ndogo ya maelezo isiyogusa kiini cha shauri*. Nikatia saini kwamba Saturnini amekufa. Picha yake, ambayo Albina aliitoa iwe kielelezo, ilionyesha kovu la moto chini ya sikio la kulia.

Nilivua kinyago. Nikalishika blanketi, nikalivuta.

Kovu lilikuwepo.

"Saturnini," nilinong'ona.

Macho yalinigeukia. Alifungua kinywa kama anayetaka kuitika jina lake, na ndani nikaona nusu ya ulimi.

Nilipiga chuma mara tatu, ishara ya kutoka. Uso wa Kornel ukatokea kwenye kidirisha. Alinyanyua kiganja: subiri. Mlango ule hauwezi kufunguliwa wakati ndani pana shinikizo. Hata watu ishirini wasingeufungua. Hewa hutolewa kidogo kidogo. Kwa hiyo niliketi naye, goti langu likikaribia goti lake, dakika ishirini na tano. Hakunigusa. Alinitazama tu, ameshika ubavu wangu uliokuwa mwilini mwake.

Nilitoka. Yule mwingine hakutoka.

"Mtu yule ni nani?"

Kornel alikuwa akifuta kinyago kwa kitambaa. "Mwangalizi."

"Ana jina. Ana mke Lionja."

"Mheshimiwa." Alisema kwa upole, kama anayemtuliza mgonjwa. "Mke wa nani? Hukumu niliisoma. Ilibandikwa. Mimi nisingeweza kumtumia mtu mwenye wa kumdai. Wewe ndiye uliyeifunga kesi yake."

Nilichukua kofia yangu.

"Zimebaki nne," alisema. "Ukikatisha, maumivu yanarudi kwa mwenyewe."

Nimeyapima maneno yale mara nyingi. Huenda alinitania kwa ukatili. Huenda oksijeni ya shinikizo ilinivuruga macho. Daktari alinithibitishia baadaye kwamba jambo hilo hutokea. Utambuzi wa shahidi mmoja, katika mwanga hafifu, kwa mtu ambaye hajawahi kumwona akiwa hai, ni ushahidi wa hatari. Ningekuwa kitini ningeutupilia mbali. Vidole hukatika. Makovu yapo mengi.

Lakini kituo cha polisi kilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye ghala lile. Sikwenda. Nilikwenda kulala, nikalala saa saba mfululizo, na nilipoamka jua lilikuwa limepanda.

Nilirudi kwa Kornel mara zote nne. Nilikaa nikiutazama ukuta. Siku ya kumi nyuma yangu hapakuwa na mguno tena, ila pumzi fupi fupi, kama za mbwa mwenye kiu, na ubavu wangu ukawa kimya kabisa.

Mwezi Novemba, wakati korosho zinaokotwa, Albina alikuja nyumbani kwangu Nachingwea. Winfrida alimpa kigoda barazani. Alikuwa amekonda. Nilidhani amekuja kuomba shauri lirejewe, na nilikuwa nimeyapanga maneno yangu: muda wa kukata rufaa ulikwisha pita.

"Sikuja kwa kesi," alisema. "Nimekuja kuomba msaada wa dawa."

"Unaumwa?"

"Mimi mzima." Alitazama pembeni, kana kwamba anaona haya kwa ajili yangu. "Ni mume wangu, baba Fortunatus. Magharibi ikiingia huwa namsikia huko kwenye mikorosho. Mwanzo alikuwa akipita tu, kimya, namwachia unga na maji, asubuhi nakuta bakuli tupu. Tangu Agosti analia. Hali tena. Nilimwona kwa mbali, amelala chini, ameshika ubavu huu hapa. Zamani hakuwa na maradhi hayo, Mheshimiwa."

Nilisikia Winfrida akiweka sufuria chini, jikoni.

"Mjini wanasema wewe uliumwa hivyohivyo, ukapona," alisema Albina. "Nionee huruma. Ulitumia nini?"