Bawabu wa Bibi Hansa

Arielle alisimama mbele ya kabati la nguo, kidole mdomoni, akasema kwa adabu kabisa: "Kom in."

"Unamkaribisha nani, mama?" Dancille alimuuliza huku akikunja nguo.

Sauti ya mtoto ilikuwa inakwaruza, na Dancille akajiambia ni mafua, Desemba hii Stockholm nani hana mafua. Kiswidi hakikumshangaza, maana Arielle hata ukimwita kwa Kiswahili aje kula atakujibu Kiswidi, watoto wa mtaa huu wa Norsborg ndivyo walivyo. Kilichomshtua ni harufu. Kabati lilikuwa linanuka samli.

Harufu hiyo aliijua. Ilikuwa ya ng'ambo ya korido, kwa Bibi Hansa, Mhindi wa Jinja aliyefukuzwa Uganda na wazazi wake angali msichana. Bibi alikuwa amelazwa hospitali kwa nyonga, na funguo alimwachia Dancille: amwagilie mrihani, abadilishe maji ya mungu wake ndani ya kabati dogo la sala.

"Lakini usifungue kabla ya kupiga kengele, mwanangu," alimwambia. "Sanamu hii ilitoka hekalu la kwetu India, Gujarat, la zamani hata mawe yake yamesahau nani aliyachonga. Babu yangu alikuwa kuhani pale. Mungu hulazwa adhuhuri, hulazwa usiku, huimbiwa kama mtoto, mlango hufungwa, na bawabu wake huingia kukesha. Bawabu hapendi kufumaniwa. Kuhani akipiga kengele, yeye huondoka. Si kama hodi yenu tu?"

"Na asipopiga?"

"Kuna kuhani hakupiga. Bawabu akamfuata hadi nyumbani. Hana sauti yule, ujue, basi akaichukua ya mtoto wa kuhani, kidogo kidogo, kila mtoto alipomkaribisha. Mpaka leo, wanasema, kuna mtoto anaimba nyuma ya mlango wa hekalu na hekalu ni tupu." Bibi akacheka. "Hadithi za babu hizo! Wewe piga tu."

Dancille hakupiga. Mlokole apigie sanamu kengele, halafu Jumapili asimame kwenye kwaya aimbe nini? Alifungua upesi, macho chini, akabadilisha maji, akafunga. Taa ya samli haikuwa imewashwa. Lakini utambi ulikuwa unatoa moshi.

Tangu hapo zikaja njuga. Chwa, chwa, ukutani.

"Huo ni ukuta wa Norsborg," Egide mumewe alimtania kwenye simu, akiwa kazini Kista. "Ukipiga chafya, jirani anasema pole."

"Egide, mtoto haongei."

"Haongei vipi?"

"Tangu asubuhi. Midomo inacheza, sauti haitoki. Kliniki wamemtazama koo, wanasema hana kitu, nimpe asali."



Saa tisa mchana, kama kawaida ya Desemba huku, giza lilikuwa limeshaingia, na Dancille akakaa sakafuni amempakata mtoto, taa zote zinawaka na bado pembe za chumba zina weusi, na njuga zikatoka kabatini zikapita nyuma ya kochi, zikasimama, zikapita tena, na samli ikanuka mpaka akaionja ulimini, na Arielle akaitazama hewa ile iliyosimama mbele yao, akatabasamu, akafungua mdomo kusema neno lake lilelile. Dancille akamziba mdomo kwa kiganja na kumpigia Bibi Hansa hospitalini, analia.

"Sikupiga, Bibi. Nisamehe. Sikupiga."

"Kachukue kengele. Ipige ndani mwako, umwombe radhi, umtangulie mpaka kabatini kwangu. Fungua, ngoja, funga. Ukirudi, piga hodi mlangoni kwako. Kukiwa kimya, ingia, yamekwisha."

"Na kusipokuwa kimya?"

"Kutakuwa kimya, mwanangu."

Akamfunga Arielle mgongoni kwa kitenge, akaenda, akarudi na kengele, akaipiga, huku anamwita Yesu na kumwomba radhi bawabu kwa pumzi ileile, hajui tena nani anamsikiliza. Akatoka. Taa ya korido, ile inayojiwasha ikimwona mtu, ikamwakia yeye, na alipofika kwa Bibi, taa ya nyuma yake ikawaka peke yake. Njuga zikamfuata mpaka kizingitini kwa Bibi. Hapo zikakoma. Amekwisha kuingia, Dancille akawaza. Akafungua kabati, akangoja, akafunga. Samli ikakatika puani kama mshumaa uliopulizwa.

Akacheka. Akalia. Akarudi kwake, akagonga mlango wake mwenyewe kama mgeni.

"Hodi?"

Kimya. Asante, Yesu. Akaingiza ufunguo.

"Karibu, mama," ikaitika sauti ya ndani, sauti ya Arielle, laini, haina mafua, kwa Kiswahili ambacho Arielle hajamjibu nacho hata siku moja. "Karibu. Mlete mtoto."

Na shingoni pake Dancille akahisi midomo midogo ikicheza, inacheza, bila sauti.