Uzi Uliompima Siwema

Sogeeni, wajukuu zangu, jiko bado lina moto. Wewe unayecheka huko nyuma, funga mdomo. Jambo hili halipendi kuchekwa. Lilimpata fundi mwashi Alawi, jirani wa mama yangu, hapa hapa Iringa, miaka ile baada ya vita kuu serikali ilipokuwa inajenga kota za wafanyakazi.

Alawi asili yake pwani. Mkewe alishatangulia, duniani kabaki na kitoto kimoja, Siwema. Mwenzake kazini alikuwa Marcelino, Mhehe, mtu wa kanisa. Mmoja anapandisha kona huku, mwenzake kule, kisha uzi unavutwa kati ya kona mbili hadi unakaza, na tofali zote zinaufuata. Uzi ukipinda, ukuta nao umepinda. Mchana Siwema na Lea, binti wa Marcelino, wanawaletea uji wa ulezi.

"Mswahili, kona yako imelewa!" Marcelino anamtania.

"Imenusa ulanzi wako, bwana. Kaa mbali nayo."

Watoto wanacheka mpaka uji unamwagika.

Kisha homa ikaja. Siwema hakumaliza hata wiki.

Watu wakakata unyasi wa kumpimia kaburi. Alawi akakataa. "Mwanangu nitampima mwenyewe." Akatoa uzi wake wa kazi, akaunyoosha toka utosini hadi kisiginoni, akapiga fundo. Mzee Ahmadi, mchimba makaburi, akamnong'oneza: "Kipimo cha maiti hakirudi nyumbani, Alawi. Kinazikwa naye."

Akaitikia kwa kichwa. Lakini mkono uliotupa udongo ulikuwa mmoja tu. Wa pili ulikuwa mfukoni, umefumbata uzi. Angeuachaje, jamani? Ndio urefu wote wa mwanawe uliobaki.

Akarudi kazini, akauvuta uzi ule ule ukutani, apate kumshika Siwema kila siku. Ukuta ukapanda, ukapigwa lipu, ukapakwa chokaa. Chumba chenye ukuta huo wakapewa Marcelino na mkewe Severina. Jua la kiangazi likaukausha ukuta wote, isipokuwa mahali pamoja, karibu na sakafu. Alama ya maji, imelala. Urefu wa mtoto.

Na Lea ndipo alipotandikiwa mkeka wake.

Alianza kwa kusikia baridi. Halafu akaacha kula. Alasiri moja Severina akaja mbio kwa Alawi, kanga inaburuta.

"Baba Siwema, njoo umwone Lea."

Mtoto alikuwa amelala ubavu wa kulia, ameelekea kibla. Mtoto wa Kikatoliki. Nani kamlaza hivyo? Gauni lake la kanisani lilikuwa limemmeza miguu.

"Wiki iliyopita lilimwishia magotini," Severina akanong'ona.

Alawi akatoa uzi. Utosini. Kisiginoni. Fundo likakaa pale pale. Na Lea, wajukuu zangu, alikuwa akimzidi Siwema kichwa kizima.

Midomo ya Lea ikacheza. Sauti haikuwa yake.

"Baba, umenifunga. Na huyu naye anafungwa."

Severina akapiga magoti. "Una nini mkononi, Baba Siwema?"

Alawi akaufumba uzi kiganjani. Akiuachia, Siwema amekwisha. Akiushika, Lea anakwisha. Akamtazama yule mama, kashika kidole cha mguu cha mwanawe, anakipuliza kipate joto. Yeye mwenyewe alikipuliza hivyo hivyo cha Siwema.

Akatoka. Akamkuta Mzee Ahmadi, wakaenda makaburini kabla ya magharibi. Alawi alichimba kwa mikono upande wa kichwani mwa Siwema.

"Muage," mzee akasema.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie aende."

Akamwambia. Akaulaza uzi shimoni, akafukia, na mikono yote miwili ikabaki mitupu.

Jioni ile ile Lea aliomba ugali. Siku zikapita, gauni likarudi magotini, ukuta ukakauka. Lakini Alawi alipoteza kitu. "Siwema alikuwa wa hapa," anasema, anaweka kiganja hewani. Anakishusha. Anakipandisha. "Hapana. Hapa?" Marcelino anageuza uso.

Masika yaliyofuata, ukutani ukatokea mstari mweupe kama chumvi. Huu haukulala. Ulisimama, umeanzia sakafuni. Severina aliupaka chokaa, ukatoka tena. Na kila mwaka ulipanda kidogo, kama mtoto anavyokua. Alawi alikuwa anakuja, anasimama mbele yake, anakunywa chai, anaondoka.

Alipofariki hakuwa na mtoto wa kumzaa. Mwiko na timazi vya kujengea alirithi Marcelino. Kiwanja akarithi mtoto wa kaka yake wa Chimala. Lea, naye kaolewa wakati huo, akaachiwa chumba cha wazazi wake, na mistari miwili: ule wa siku zote, na wa pili, wa urefu wa mtu mzima, uliotokea ubavuni mwa ule wa kwanza wiki ile ya matanga ya Alawi.