Mwito wa Jiweni

Kulikucha, Damari akawasha moto. Akakoroga uji wa uwele, akawaita watoto. Mumewe, Simoni, alikuwa amekaa mlangoni akizungushia kitambaa mpini wa nyundo yake. Uji haujapoa, akaingia wifi yake, Selina. Huyu alikuwa dada yake Simoni. Alikaa nyumba ya pili na wanawe, na hakuna asubuhi aliyopita hapo bila kutega kitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia watoto.

"Nampiga kutwa, yuko kimya. Akisema neno moja, amekufa."

Mmoja akasema punda. Mwingine akasema ngoma.

"Ngoma inanyamaza lini, mwanangu? Nipeni mji."

"Tumekupa Singida!"

"Singida nilikwenda, nikala kuku wao wote, nikarudi. Jibu lake ni jiwe. Ukiligonga ukasikia limelia kwa ndani, ujue limepasuka. Wifi, tuondoke, jua halina mjomba."

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Madukani vitu vilijaa, mifukoni hamna kitu. Kiwanda alichofanyia kazi Simoni kiliuzwa, na aliyekinunua akaja na watu wake. Simoni akarudi nyumbani na ovaroli moja. Bahati barabara ilikuwa ikitengenezwa, kokoto zikatakiwa. Basi watu wakapanda kwenye jabali lililoko njia ya Mtinko, wakaanza kupasua mawe. Watu wa pale waliliita jabali lile Jiweni.

Kazi ya Jiweni ilikuwa hivi. Wanaume walikaa juu. Waliwasha moto wa magogo juu ya mwamba mpaka ukaiva, kisha wakaupasua kwa nyundo na mitaimbo. Vipande vikubwa walivisukuma, vikateremka. Wanawake walikaa chini. Waligonga vile vipande mpaka vikawa kokoto, wakajaza makarai. Mwanzoni wanawake hawakuja Jiweni. Lakini njaa haiulizi mtu kama amevaa suruali au kanga.

Msimamizi aliitwa Antipasi. Alikuwa mtu wa haki, wala hakuwa mlevi. Alikuwa na sauti ya kushinda ng'ombe dume. Jiwe likiwa zito, aliita, "Wanaume!"

Wanaume wakaitikia, "Hoo!" Wakakusanyika, wakasukuma pamoja.

Wiki yao ya kwanza, Damari na Selina walisikia mwito ule wakapanda mbio kusaidia. Juu kule kicheko kikalipuka.

"Ehe! Selina, ndevu zimeota lini?"

"Shemeji Damari, shika mtaimbo basi, tukuone!"

Antipasi mwenyewe alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akasema, "Dada zangu, rudini kwenye kokoto. Mkisikia wanaume, ninyi kaeni. Hampo hapo."

Wakateremka. Selina alicheka pamoja nao, maana alipenda mzaha. Damari hakucheka. Lakini somo lilimwingia. Tangu siku ile, wanawake wa Jiweni waliposikia "Wanaume!" hawakuinua hata shingo.

Na mambo mengine nayo yalikwenda vivyo hivyo. Dereva wa lori alikuja na neno la kesho. Alisimama juu ya tairi, akasema, "Wazee, kesho mapema!" Wanawake hawakujua kama wazee ni wao. Wengine walichelewa, wakaambiwa ni wavivu. Walinung'unika, wakanyamaza. Nani agombane na mtu kwa ajili ya salamu?

Siku moja joto lilikuwa kali. Wanaume walikuwa wamewasha moto mkubwa tangu alfajiri. Damari alinyanyuka kwenda kumwaga karai lake kwenye rundo. Selina alibaki amekaa, miguu ameinyoosha, anagonga.

Juu kule mwamba ukalia. Hakuna aliyeupiga. Ulipasuka wenyewe kwa moto, na kipande kikubwa kama zizi la mbuzi kikaanza kuinama.

Antipasi akakiona. Mtu akishtuka, ulimi hukimbilia neno ulilolizoea. Akapiga kelele, "Wanaume! Wanaume!"

Wanaume waliokuwa juu walikuwa wanakiona kile kipande. Wakaruka kando, Simoni akiwa mmoja wao.

Chini, Selina akasikia. Akamtazama Damari, akatabasamu. "Wanaitwa wenye ndevu zao," akasema. Akainua nyundo yake tena.

Damari alisikia kishindo. Vumbi likafunika kila kitu. Vumbi lilipotua, Selina alikuwa bado amekaa palepale, lakini mguu wake wa kulia ulikuwa chini ya jiwe. Hakulia. Alikuwa akiushangaa kana kwamba ni mguu wa mtu mwingine.

Wanaume waliteremka, wakalisukuma jiwe lile. Safari hii hakuna aliyeita. Lori la kokoto ndilo lililompeleka hospitali. Madaktari walijitahidi, lakini mguu ulikuwa umesagika. Wakaukata chini kidogo ya goti.

Selina aliporudishwa nyumbani, Simoni alikaa uani kutwa nzima.

"Baba Peniel, kula," Damari akamwambia.

"Nilisikia nikaruka," Simoni akasema. "Nikajua na ninyi mmesikia."

"Tulisikia."

"Sasa mbona hamkukimbia?"

"Aliita wanaume."

Ugali ukapoa mbele ya Simoni.

Damari alitaka kuacha Jiweni. Lakini debe la uwele lilikuwa karibu tupu, na sasa mlo wa Selina na wanawe nao ulikuwa juu yake. Usiku hakulala vizuri. Alijua atarudi palepale, akae chini ya mwamba uleule, na msimamizi ni yuleyule. Mwito nao ulikuwa uleule. Je, yeye zamu yake ni lini?

Asubuhi akaenda kwa jirani yao, Mama Belinda. Alikuwa mama wa makamo, mfuga kuku. Ujanani alipitia jeshi la kujenga taifa. Hata alipokuwa akiwamwagia kuku pumba alisimama wima kama yuko gwarideni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Selina ameamkaje?"

"Ameamka. Anauliza mguu wake umezikwa wapi."

Mama Belinda akaweka chini bakuli la pumba. Damari akamweleza yote, tangu kile kicheko cha wiki ya kwanza.

"Sasa nisikilize," Mama Belinda akasema. "Kambini tulikuwa wasichana na wavulana. Tulilima pamoja, tulibeba magogo pamoja. Afande hakuita wavulana akitaka watu wote. Aliita, 'Kikosi!' Basi, hata aliyekuwa jikoni anapepeta mchele alisimama. Kila mtu alijua yumo."

"Antipasi anasema ni mazoea tu. Anasema akiita wanaume ana maana ya watu wote."

"Maana iko kichwani mwake. Wewe uko kichwani mwake?"

"Hapana."

"Basi utaijuaje? Twende Jiweni."

Wakati wa mapumziko, watu walikuwa wamekaa kivulini mwa jabali, wanakula viazi. Mama Belinda akasalimia, akaomba nafasi ya kusema. Alipoanza kueleza, mtu mmoja akamkatiza.

"Mama, jiwe lilianguka. Jiwe halijui mume wala mke. Sasa kosa ni la neno?"

"Wanawake wa siku hizi!" mwingine akasema. "Wameingia kwenye kazi zetu, sasa wanataka na vinywa vyetu."

Antipasi uso ulimvimba. "Mama, mimi niliita. Niliita kwa nguvu zangu zote. Mungu ni shahidi. Kijiji kizima kilinisikia."

"Sikatai, mwanangu. Uliita. Naomba uite tena."

"Niiteje?"

"Kama siku ile."

Antipasi akawatazama wenzake. Kisha akasimama, akaita, "Wanaume!"

Wanaume wakainuka wote, hata aliyekuwa na kiazi mdomoni. Wanawake walibaki wamekaa. Hakuna aliyewaonya, wala hawakuwa wamepatana. Miili yao ilikuwa imeshazoea. Katikati yao alikaa Dorika, mke wa Antipasi, anamenya kiazi.

Antipasi akamkodolea macho. "Dorika! Hata wewe?"

"Mimi nini?"

"Nimeita, wewe umekaa tu!"

"Umeita wanaume," Dorika akajibu. "Mimi nimekuwa mwanaume lini, Baba Laurian? Si ulituambia mwenyewe tukae?"

Hakuna aliyecheka. Antipasi alitazama pale alipokaa mkewe. Ni hatua chache tu kutoka mahali ambapo damu ya Selina ilikuwa bado nyeusi kwenye mawe. Akakaa chini taratibu, kama mzee.

Mama Belinda hakumsimanga. Alisema polepole, ili kila mtu amwelewe.

"Kiswahili chetu ni ghala lililojaa. Ndani yake mna watu wote, mna jamani, mna ndugu zangu, mna wapasuaji, maana wote hapa mnapasua. Ninyi mmechukua punje moja, mkadhani ndiyo ghala. Ukiwa na kundi la wanaume na wanawake, waite kwa jina linalowabeba wote. Iwe kwenye hatari, iwe kwenye kikao, iwe dereva anapoleta habari. Mtu asiyeitwa kwenye mambo madogo hatajua kuwa anaitwa kwenye kubwa."

"Na tukitaka kusukuma jiwe?" Simoni akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kusema Jiweni tangu dada yake aumie.

"Mwito wa kusukuma uwe mmoja, na wa hatari uwe mwingine. Na wa hatari useme cha kufanya. Watu wote, kando! Mtoto mchanga tu ndiye hataelewa."

"Na wa kusukuma?"

"Semeni, 'Wenye mitaimbo!' Siku dada yenu akishika mtaimbo, naye aje. Mkimcheka, mmemfundisha tena kukaa."

Yule aliyesema habari ya vinywa aliguna. Hakuafiki, lakini hakusema tena. Antipasi akainuka. Siku ile hakupumzika. Aliita, "Watu wote, kando!" na watu wakakimbia mpaka kwenye mti wa mgunga. Wakarudi. Akaita tena. Mara mbili ulimi ulimteleza, akasema wanaume. Dorika akampigia kelele kutoka chini, "Tumekaa!" Akaanza upya. Sauti yake ilikwaruza, lakini hakuacha. Na dereva wa lori alipofika, Damari mwenyewe alimwendea. Akamwambia, "Kaka, hapa kuna wapasuaji. Ukiwa na neno, tuambie sote."

Dereva akakuna kichwa. "Haya, wapasuaji," akasema. "Kesho mapema." Na kesho yake hakuna aliyechelewa.

Ikapita miezi. Vuli ikanyesha, maji yakaingia kwenye nyufa za mwamba. Asubuhi moja Damari alikuwa anagonga, akasikia sauti ya Antipasi.

"Watu wote, kando!"

Hakuangalia juu. Hakumtazama jirani yake kumuuliza kama ni wao. Aliacha nyundo, akamshika Dorika mkono, wakakimbia. Wote walikimbia. Jiwe lilishuka likaviringika, likasimama mahali walipokuwa wamekaa. Makarai yalikuwa bapa kama chapati.

Antipasi alishuka akihema. Akawatazama mmoja mmoja. Wote walikuwepo. Akakaa juu ya jiwe, akafunika uso kwa mikono.

Damari hakungoja jioni. Alikwenda nyumbani kwa Selina, vumbi likiwa bado kichwani. Alimkuta amekaa mlangoni, mkongojo kando yake, anachambua mlenda.

"Wifi! Leo jiwe limeanguka, na hakuna hata mmoja aliyeumia! Ameita 'watu wote, kando', tukakimbia sote. Dorika, mimi, wote!"

Selina akaacha kuchambua. Akavuta kanga, akafunika mguu wake uliokatwa.

"Akaita watu wote?"

"Eee, wifi. Watu wote."

"Mkakimbia?"

"Tukakimbia."

"Mungu ashukuriwe," Selina akasema. Alikuwa anasema kweli. Kisha akatazama upande wa Jiweni, ambako nyundo zilikuwa zimeanza tena kulia.

"Kumbe lilikuwa neno jepesi hivyo," akasema.

Damari akakaa chini karibu naye, akachukua fungu la mlenda, wakachambua.