Datsun ya Baba Mkwe

Kho.

Mara moja tu. Kikohozi kikavu, kama cha mzee anayesafisha koo kabla ya kumtuma mtu.

Nilikuwa naanua nepi kwenye kamba. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia, na stima ilikuwa imepotea mtaa mzima, kama kawaida ya Kitengela mvua ikitishia. Nikainua kichwa. Nyuma ya nyumba hapakuwa na mzee. Palikuwa na kibanda cha mabati, na ndani ya kibanda palikuwa na gari la mume wangu.

Gari lenyewe halikuwa na injini. Injini ilikuwa gereji kwa Makokha, imefunguliwa vipande vipande juu ya gunia.

Nikajiambia ni mbuzi wa jirani. Mbuzi hukohoa. Nikazikumbatia nepi zikiwa bado na unyevu, nikakimbilia ndani, nikafunga mlango, nikaona aibu. Mimi Naeku, binti wa Mashuuru, niliyelala utotoni nikisikia fisi wakicheka nje ya boma, leo nakimbia bati na vumbi.

Gari lile lilikuwa Datsun, ya muundo ule mfupi wa zamani, wenye boneti ndefu na mgongo ulioinama, kama yale yaliyokuwa yakipita hapa yakitimua vumbi enzi za mashindano ya magari. Lilikuwa la marehemu baba mkwe. Baada ya kifo chake lilikaa Isinya nyuma ya banda la kuku la mama mkwe, kuku wakataga ndani yake, nyasi zikaota sakafuni. Tulipooana, Peterson alilivuta hadi kwetu kwa kamba.

Alilitengeneza polepole. Mlango mmoja, kisha miezi ya kimya. Kioo kimoja, kisha miezi mingine. Binti yetu Nduta alijifunza kutembea akishika bampa yake. Sikuwa na wivu nalo, kusema kweli. Nilipenda kumsikia Peterson jioni akipiga msasa, shii, shii, shii, kama mtu anayebembeleza kitu kilale.

Kisha akazaliwa mvulana.

Kwa Wakikuyu jina la mtoto halitafutwi. Linangoja. Binti wa kwanza ni mama ya baba yake, ndiyo maana wetu ni Nduta. Mvulana wa kwanza ni baba ya baba yake. Mgeni anajulikana kabla hajabisha. Lakini Peterson alisema, "Tungoje kidogo."

Tukangoja. Mtoto akatabasamu, tukangoja. Akaketi, tukangoja. Akatoa jino, akatoa la pili, na bado alikuwa Baby. Nikiuliza, Peterson alichukua msasa na kutoka.

Jina nililijua. Lilikuwa kwenye kitambulisho cha Peterson, neno la mwisho. Lakini sikuwahi kumsikia akilitamka, na kinywani mwangu halikuwa na ruhusa. Kwetu Wamaasai mke hamtaji baba mkwe kwa jina. Hiyo ni enkanyit, heshima, na msichana hufunzwa kabla ya kufunzwa kukamua. Tena mtu akishakufa, jina lake tunaliacha na yeye. Likifanana na jina la kitu, kitu hicho tunakitafutia neno lingine. Kwao marehemu hurudishwa nyumbani kwa jina. Kwetu huachwa apumzike.

Nilidhani Peterson ananyamaza kwa kuniheshimu.

Kliniki ndiko nilikovunjika uso. Muuguzi aliita kwa sauti, benchi zote zikisikia.

"Baby Wachira!"

Wachira ni Peterson mwenyewe, jina lake la katikati. Nikasimama.

"Mama, huyu si mdogo tena. Jina yake ni nani?"

"Bado."

"Bado? Ataenda shule akiitwa Bado?"

Wakina mama wakacheka. Hata mimi nikacheka, nikitazama sakafu. Nilikuwa nimempeleka kwa sababu ya macho. Tangu wiki ile Peterson alipofunga taa za mbele za Datsun, mtoto aliacha kufuata kitu kwa macho. Ukipitisha kijiko mbele yake, anatazama mbali, mbali sana, kama anayetazama barabara. Muuguzi akammulika, akasema macho ni mazima.

Kisha Peterson akafunga honi. Akaipiga, piii, majirani wakashangilia. Usiku huo mtoto hakulia. Wala kesho yake. Alikunja uso, akafungua kinywa, machozi yakashuka... na hakuna sauti iliyotoka.

Sikuunganisha mambo hayo. Nani angeyaunganisha? Taa ni taa, mtoto ni mtoto.

Aliyeniunganishia ni Nduta.

Ilikuwa jioni, ugali uko mezani. Nikatoka kumwita, nikamkuta ndani ya Datsun, kiti cha abiria, miguu yake ikining'inia. Alikuwa ameinua uso kuelekea kiti cha dereva, kama anayesikiliza.

"Nduta! Toka, chakula iko tayari."

"Nangoja Guka amalize."

Guka ni babu. Baba yangu hatumuiti Guka. Na yule mwingine alikuwa chini ya udongo Isinya.

"Guka gani?"

"Wa gari."

Nikaingiza kichwa dirishani. Harufu ikanipokea. Ugoro. Tumbaku ya kunusa, kali, mbichi, kama kopo limefunguliwa sasa hivi. Kwetu hakuna anayenusa tumbaku. Nikaweka kiganja juu ya kiti cha dereva.

Kilikuwa na joto.

Si la jua. Kibanda kile kina kivuli kutwa nzima. Lilikuwa joto la makalio ya mtu.

"Anasema nini, huyo Guka?" nikanong'ona.

Nduta akakunja paji la uso, akijaribu kukumbuka vizuri, kama mtoto aliyetumwa salamu.

"Anasema alibisha kwa Baby, hamkumfungulia. Sasa Dadi anamjengea hii."

Nikamtoa kwa mkono mmoja. Sikufunga mlango wa gari. Nilipofika jikoni nilisikia ukijifunga, taratibu, kwa adabu.

Ningemwambia Peterson nini? Kwamba ananiulia mtoto kwa spana? Nikapakua chakula. Nikaona aibu ya kuogopa, na aibu ya kunyamaza, zote zikiwa sahani moja.

Jumamosi mama mkwe akaja kutoka Isinya na trei ya mayai. Akambusu Nduta, wajina wake. Mtoto alipoletwa kwake hakumpokea. Alimtazama tu, mikono yake ikiwa mapajani, kama anayetazama mtoto wa watu.

"Mama, si umbebe," nikasema.

"Nitambeba nikimwita nani?"

Nikamrudisha mtoto begani kwangu.

"Sikulaumu, Mama Nduta," akasema. "Kila watu wako na mila zao. Lakini ungeniambia mwenyewe, mimi na wewe, kama wanawake."

"Kukuambia nini, mama?"

"Ati hutaki jina ya mzee wangu kwa hii boma. Peterson alinieleza siku ile mtoto alizaliwa. Ati kwenu jina ya mtu amekufa ni laana, na ukilazimishwa utarudi kwenu Mashuuru."

Damu ilinipanda usoni hadi masikio yakavuma. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa amejificha nyuma ya heshima ya kwetu kama mtu anayejificha nyuma ya shuka ya mwenzake. Ningeweza kusema, mama, mwanao amekudanganya. Lakini mtoto wake wa pekee alikuwa pale nje, akipangusa kioo cha mbele taratibu, taratibu, kama anayepangusa uso wa mgonjwa. Nikamwonea aibu. Nikainama.

"Pole, mama," nikasema.

Akaondoka bila kumgusa mjukuu wake.

Alasiri hiyo hiyo Makokha alileta injini. Waliiteremsha kwa mnyororo, wakihema na kucheka.

"Mama Nduta!" Makokha akaniita dirishani. "Hii mke mwenza yako leo inaongea! Jitayarishe, bwana atahamia huku!"

"Acha imchukue," nikajibu, naye akacheka hadi akakohoa.

Alipoenda zake, jua lilikuwa limegusa vilima. Nikamlaza mtoto katikati ya kitanda, nikazungusha mito. Alikuwa mwepesi. Kifua chake kilipanda kidogo, kikashuka, kikafikiria, kikapanda. Nikamwambia Nduta akae naye. Nikatoka.

Peterson alikuwa ameinama ndani ya boneti.

"Ulimwambia mama mimi ndiye nilikataa jina."

Mgongo wake ukasimama. Hakugeuka.

"Umenivua nguo mbele yake, Baba Nduta."

"Punguza sauti."

"Nani atasikia? Wewe na mimi tu ndio tuko hapa."

Alitazama kiti cha dereva. Hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye alisikia kile kikohozi, na alikuwa akikisikia tangu zamani.

"Nikimpa hiyo jina," akanong'ona, "nitakuwa namwita baba. Kila asubuhi. Nitambeba mikononi nikimwita baba."

"Si ndiyo mila yenu?"

"Aliniita, Naeku." Midomo yake ilikuwa mikavu. "Pale mtaroni Isinya. Hii gari ilikuwa imemlalia. Watu walidhani alikuwa peke yake. Aliniita... aliniita mpaka sauti ikaisha."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Akachukua spana. Akakaza nati iliyokuwa imekazwa tayari.

"Peterson. Ulikuwa wapi?"

"Mama."

Ilikuwa sauti ya Nduta. Alisimama mlangoni mwa kibanda, peku.

"Mama, Guka amembeba Baby."

Nikageuka.

Vioo vya gari vilikuwa vimefunga ukungu. Kutoka ndani.

Nikavuta mlango. Umefungwa. Nikazunguka. Umefungwa. Peterson akapapasa mfuko, akatoa funguo, akazijaribu. Zikazunguka bure, kama ndani ya maji. Kisha kitu kikapangusa kioo upande wa pili, polepole, kikaacha njia pana ya kiganja... na tukaona.

Mwanangu alikuwa ameketi kiti cha dereva. Wima. Mtoto aliyedhoofika vile hawezi kuketi wima hivyo, ila akiwa amepakatwa. Nyuma yake giza lilikuwa zito kuliko giza, na lilikuwa na mabega. Mikono yake midogo ilikuwa juu ya usukani. Na haikuwa peke yake.

Kisha injini ikawaka.

Nilitazama chini. Betri ilikuwa hapo sakafuni, karibu na kidole changu cha mguu, haijafungwa hata waya mmoja.

Injini ilinguruma vizuri. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Ilinguruma kwa afya. Na kila iliponguruma, kifua cha mwanangu kilishuka kikakawia kupanda. Midomo yake ikaanza kugeuka rangi ya zambarau. Peterson akapiga kioo kwa spana, akapiga tena, akapiga kwa nguvu zote. Kioo alichokifunga kwa mikono yake hakikupata hata mkwaruzo.

"Baby!" nikapiga kelele. "Baby!"

Hakugeuka. Angegeukaje? Baby si jina. Kila mtoto ni Baby. Nilikuwa naita watoto wote wa dunia, na wangu hakujua ni yeye.

"Mwite!" nikamwambia Peterson. "Wewe ndiye babake. Mwite!"

Akafungua kinywa. Nikaona ulimi ukiinuka. Ukashuka. Magoti yake yakafika chini kwenye mafuta, spana ikaanguka.

"Siwezi," akalia. "Nikiita, ataitika."

"Nani?"

"Yeye."

Ndani, mtoto alipanua kinywa kuvuta hewa. Hakuipata.

Nikabaki mimi. Kwetu ni aibu kulitaja jina lile. Kwao ni aibu kutolitaja. Nilikuwa nimesimama katikati ya aibu mbili, na mwanangu alikuwa anaishiwa pumzi. Nikamfikiria mama yangu, aliyenifunza kuinamisha kichwa nikipita mbele ya wakwe. Nikamwomba msamaha kimoyomoyo. Nikaweka midomo yangu kwenye kioo. Kilikuwa baridi, kikinuka ugoro.

Injini ikapunguza sauti, ghafla, kama mtu anayeshusha pumzi asikize. Vichwa viwili vikatulia, kimoja kidogo, kimoja kikubwa, vyote vikiwa vimenielekea.

Jina lilikuwa moja. Ndani ya gari walikuwa wawili. Sikujua ni yupi atakayeitika.

Nikafunga macho, nikaita:

"Ngigi."