Baiskeli Isiyokwenda

Walikutana Darajani, soko limejaa, cheni ya baiskeli ya Salhiya ilipochomoka mbele ya wauza samaki. Alivaa suruali nyeusi chini ya gauni refu, mtandio wa zambarau kaufunga nyuma ya shingo usije ukanaswa na gurudumu. Munir, mwenye duka la vipuri pale pale, aliinama akairudisha cheni kwa vidole viwili.

"Mtoto wa kike na baiskeli, mjini hapa!"

"Kwetu Makunduchi mama yangu anabebea mwani baiskeli tangu sijazaliwa. Nyinyi wa mjini ndio mmeiona leo."

"Basi nifunze adabu, bibie. Nambari yako?"

Miezi minne wakapendana kwa simu. "Ushafika kazini, laazizi?" "Nshafika, na jasho langu." Masika yalipoingia, Munir alipanda ngazi za chumba cha Salhiya, Chukwani, na stendi ya chuma begani: ile inayobana gurudumu la nyuma, ukakanyaga bila kwenda popote.

"Barabara zinateleza, roho yangu. Fanyia ndani mpaka mvua ziishe."

Akatandika mkeka wa mpira jirani asisikie mngurumo, akatia ubao chini ya gurudumu la mbele baiskeli ikae sawa, akakaza nati kwa spana. "Anza gia nyepesi, dakika kumi tu. Na feni iwashe kabla hujachemka." Salhiya alikanyaga mpaka jasho likamchuruzika viwikoni, akicheka peke yake kama mwehu. Hakuna aliyewahi kumfikiria hivyo.

Mvua zikaisha. Kila akimwambia aje kuifungua, Munir ana shughuli. Ndipo Shahida, dada yake Munir, alipopiga simu.

"Wifi! Ijumaa tunaleta posa. Mama karidhi."

"Kwani alikuwa hajaridhi?"

"Si lile libaiskeli! Alisema hataki mkwe wa kutazamwa na mji mzima. Munir akamwambia, usihofu mama, nshamfunga ndani. Hata spana kampa mama, imo kabatini kwake." Shahida akaangua kicheko. "Mwanamme yule anakupenda!"

Salhiya alikata simu. Masika mazima alikuwa akimshukuru mtu aliyemtia tunduni kama kuku. Alidhani anafanya mazoezi, kumbe anazoezwa. Kwa baiskeli mama yake kasomesha watoto watano. Nani alimwonea haya?

Alhamisi alasiri Munir alikuja na kanzu nyeupe, udi unamnukia, spana mkononi. Shahida keshamweleza. Akakuta stendi tupu: Salhiya kaazima spana kwa fundi wa chini.

"Nisamehe, habibty. Nilisema vile mama anyamaze. Tukishaoana utapanda utakavyo."

"Basi mpigie sasa hivi. Mwambie Salhiya anapanda, na hataacha. Nikusikie."

Munir alitoa simu, akalipata jina la mama. Kidole kikaganda juu yake.

"Nipe muda, Salhiya."

"Masika yote nilikupa!"

Aliibeba baiskeli mwenyewe, akashuka nayo ngazi. Munir alimkimbilia mpaka barabarani, akakishika kiti. Salhiya alimgeukia, macho yamemjaa machozi. Neno moja tu la kiume lingemrudisha, na alilingoja.

"Shusha sauti," Munir alinong'ona, akiangaza huku na huku. "Watu wanatutazama."

"Na watutazame," alisema Salhiya, akakanyaga.