Kitabu Kisicho na Kwato

Soko la Mutindwa siku ya Jumamosi halina adabu. Watu walikuwa wakikanyagana, wenye mikokoteni wakipiga mbinja ili wapishwe, na Nasambu, leso ya rangi ya embe kiunoni juu ya gauni jeusi, aliinama kuuvuta mkungu mtupu uliokwisha kunyofolewa ndizi. Mkungu haukuja. Ncha ya pili ilikuwa imeshikwa na kijana mrefu aliyevaa ovaroli yenye madoa ya wino.

"Siste, huu nimeuona kwanza," alisema kijana.

"Wewe umeuona. Mimi nimeushika."

"Kwani unampelekea ng'ombe?"

"Sina ng'ombe. Nauchoma, nachuja majivu yake, napata munyu wa kulainisha mboga. Na wewe je, umekosa kuni?"

"Mimi natengeneza karatasi."

Nasambu alicheka hadi leso ikalegea. Lakini Bedan Ndirangu hakuwa akitania. Alikuwa na karakana ndogo kule Dandora, na vitabu alivyovichapa vilikuwa vya karatasi aliyoitengeneza mwenyewe kwa nyuzi za mikungu na makaratasi yaliyookotwa kwenye jaa. Hakuona kwa nini msitu ukatwe ndipo mtoto apate cha kusoma. Taabu yake ilikuwa moja tu, zile nyuzi zilikuwa ngumu, zilikataa kulainika.

"Munyu wangu hulainisha hata kunde zilizokomaa," alisema Nasambu. "Hauwezi kushindwa na kamba zako."

Haukushindwa. Na mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haukupita muda Bedan akawa mteja wa kila adhuhuri katika kibanda cha Nasambu huko Kayole, akila mboga za mrenda na managu zilizotiwa simsim, na githeri ya mahindi na maharagwe iliyoungwa kwa karanga. Nyama haikuingia pale, wala maziwa, wala yai. Wenye midomo yao walimwita Nasambu Sista Majani, naye aliwaachia jina hilo bure.

Bedan alipomuuliza sababu, alimweleza bila kumficha. Baba yake, Mukhwana, alikuwa mchinjaji. Kisu kile kiliwalisha na kuwasomesha, lakini alipougua alikosa usingizi kwa kusikia milio ya wanyama aliowachinja. "Kazi hii iishe na mimi," alimwambia bintiye. "Asichinjwe mnyama mwingine kwa ajili yako." Nasambu aliapa huku amemshika mkono, na mkono ule ulipoa ndani ya mkono wake. Tangu siku hiyo kiapo kile ndicho urithi aliobaki nao.

Bedan alisogeza sahani kando. Kisha akasema, "Tutoe kitabu cha mapishi yako. Ukurasa wa kwanza uwe na jina la baba."

"Nani atanunua kitabu cha majani, mpenzi?"

"Walaji wa majani wapo. Mimi nitamla mwandishi."

"Mwandishi ni nyama, Bedan. Huruhusiwi."

Kazi ikaanza. Nasambu aliandika jinsi alivyopika, Bedan akapanga herufi, na karatasi zikakauka kwenye kamba, za kahawia kama chapati. Siku moja Nasambu alifunika sufuria ya kunde kwa kitambaa safi, akavaa ile blauzi ya samawati ambayo Bedan aliisifu, akaenda Dandora bila kumwarifu.

Kabla hajafika mlangoni, harufu ilimpokea. Aliijua. Ndiyo iliyokuwa ikiingia nyumbani na koti la baba yake. Ndani, Bedan alikuwa akikoroga kopo lililochemka juu ya jiko, na kando yake vitabu vyake Nasambu vilikuwa vimepangwa, migongo imeshabandikwa, vinang'aa.

"Unapika nini?"

Bedan alishtuka. "Gundi, mpenzi."

"Gundi ya nini?"

"Ya kwato. Na ngozi kidogo." Alifuta mikono kwenye ovaroli. "Ile ya unga mende waliimaliza. Vitabu vyangu vya kwanza vyote viliachia kurasa, panya wakamalizia. Nilitaka chako kidumu, Nasambu. Hii si chakula. Hakuna atakayeila."

"Na hizo kwato, mwenyewe alizivua akaenda zake?"

Bedan aliliepua kopo jikoni.

"Ulijua nitakataa?"

"Nilijua. Nikaona nisikuambie."

"Jina la baba yangu umelibandika kwa kwato," alisema Nasambu. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. Akaiweka sufuria chini, akatoka.

Bedan alipiga simu katika duka la Kageha, jirani wa kibanda, mara nyingi hata Kageha akachoka kuita. "Njoo umjibu, dada, ama nimwambie umeolewa!" Hatimaye Nasambu aliupokea mkono wa simu.

"Nisamehe, mpenzi."

"Ungeniuliza, Bedan. Tungekaa chini tukafikiri pamoja. Wewe umeamua peke yako kiapo changu kinafika wapi."

"Nikivitengeneza upya, utarudi?"

"Usivitengeneze kwa ajili ya kunirudisha."

Akakata simu. Alirudi kukata vitunguu, akapata kisingizio cha machozi. Alimpenda, tusifichane, na ndiyo maana jambo lile lilimuuma.

Bedan hakupiga tena. Nasambu alikuwa amekwisha kujizoeza kutotazama barabarani, pale adhuhuri moja alipomwona amesimama mbele ya kibanda na gunia begani, vidole vimefungwa vitambaa. Ndani ya gunia mlikuwa na kurasa tu, zisizoshikana. Alikuwa ameshikilia kila kitabu juu ya mvuke mpaka gundi ikaachia, kisha akakata kingo zote zilizoguswa nayo.

"Hakuna kwato iliyobaki," alisema. "Sikuja kudai jibu. Nimekuja kuuliza. Gundi isiyo na mnyama, na mende asiile, mimi sijui kuipika. Mpishi ni wewe."

Nasambu aliangalia vile vidole. "Umeungua."

"Mvuke tu."

"Kaa hapo."

Alichemsha majani ya mwarobaini mpaka maji yakageuka rangi, akayachuja, akatia unga wa muhogo, akakoroga polepole kama anayempikia mgonjwa uji. Ulipokuwa mzito na kung'aa, alichovya kidole akaonja, uso ukamkunjana.

"Mende akila hii atatubu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Dandora, Bedan alimwona akitabasamu.

Walifanya kazi kwenye meza ya wateja. Bedan alishona kwa uzi, Nasambu akapaka gundi. Kitabu cha kwanza kilipokamilika alikifungua: *Kwa baba yangu, Mukhwana.* Akaliacha chozi lake lidondoke, safari hii bila kitunguu.

"Nasambu," alisema Bedan, macho kwenye sindano, "nikija kwenu kuposa, wajomba zako watataka ng'ombe. Na wakiona ng'ombe wataona nyama. Nani atawazuia?"

Nasambu alichukua kurasa nyingine, akazigongagonga mezani mpaka zikalingana, akachovya brashi.

"Nitawazuia mimi," alisema. "Wewe walete tu hao ng'ombe."