Magoti ya Mama Mkwe

— Mama, simama. Tafadhali simama, tuongee.

Mama hakusimama. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, kati ya meza ya chakula na jokofu, ameng'ang'ania upindo wa sketi ya Ruolan. Jiaozi, vile vitonge vya unga vyenye nyama ndani, alizozikunja mwenyewe tangu asubuhi zilikuwa zinapoa mezani.

— Sisimami mpaka unijibu. Nina mtoto mmoja tu. Ukienda Geneva, naye ameondoka. Baba yake alikwenda Vancouver akaniambia miaka miwili, na leo ana mke mwingine huko na watoto wengine. Mara ya pili siwezi, mwanangu. Nitakufa humu ndani peke yangu.

Unaweza kujiuliza kwa nini Ruolan hakumwacha hapo chini akachukua mkoba wake. Basi wewe hujakaa na sisi watu wa Tianjin. Kwetu mtoto ndiye humpigia mzazi magoti. Mzazi akishuka chini mbele yako, wewe ndiye uliyemshusha, na hakuna jirani atakayeuliza ulikuwa na hoja gani.

Na Ruolan hoja alikuwa nazo. Tong Ruolan, binti wa fundi viatu, mwenye shahada ya udaktari ya historia ya sheria akiwa na miaka thelathini na moja, alikuwa amechaguliwa kwenda Geneva miaka miwili, kwenye ofisi inayochambua mikataba ya mataifa. Walitaka mtu anayeijua mikataba ya zamani ya China kuanzia mizizi yake, kwa sababu mpaka leo serikali yetu ikikaa mezani na wakubwa, zile karatasi za enzi za manowari bado zinawaumiza watu kichwa. Walioomba ni wengi, wakamtaka yeye. Jibu lilitakiwa kufika Ijumaa ya mwisho wa mwezi, si zaidi.

Mchumba wake, Bian Shouming, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na chupa ya siki mkononi.

Ruolan alimtazama yule mama, mvi zake, goti lake bovu lililofungwa bandeji chini ya suruali.

— Sawa, mama. Siendi.

Hapo ndipo Shouming alipoweka chupa mezani, akaja kumwinua mama yake.

Niseme ukweli, wale wawili walipendana kwelikweli. Walikutana kwenye chumba cha nyaraka cha chuo, wakagombania kabati moja. Shouming ni mhadhiri wa mikataba ya kulazimishwa, ile tuliyosainishwa hapa hapa Tianjin mwaka 1858 meli za kivita zikiwa zimepanda mto. Ndiyo iliyowathibitishia wageni haki kwamba mtu wao akifanya uovu kwetu, anahukumiwa na balozi wao kwa sheria za kwao, sisi tunatazama tu. Yeye alisema wajumbe wetu walionewa, basi, hakuna zaidi. Ruolan akambishia. Akasema wajumbe wale hawakuwa mabwege. Tangu enzi za Tang, zaidi ya miaka elfu iliyopita, wafalme wetu waliwaachia wageni wa kabila moja wagombane kwa sheria zao wenyewe, kwa hiyo kipengele kile kilionekana nafuu, kupunguza usumbufu. Uchungu wake ulikuja kuonekana baadaye. Wakabishana mpaka mlinzi akawazimia taa, wakaenda kumalizia ubishi wao mbele ya kibanda cha jianbing, zile chapati za mayai, na muuzaji akawauliza kama wanaachana au ndiyo kwanza wanaoana.

Sasa walikuwa wanaoana. Siku ya kwenda ofisi ya ndoa ilishapangwa, Ijumaa ileile ya mwisho wa mwezi, asubuhi. Ruolan alipotoa neno lake mbele ya magoti ya mama, Shouming alimwandikia ujumbe usiohitaji maelezo:

“Ahsante. Nitakulipa kwa maisha yangu yote.”

Ruolan aliusoma mara nyingi. Barua ya kuwakatalia watu wa Geneva aliiandika, lakini kila alipotaka kuituma mkono ulikuwa mzito. Akajisemea atatuma kesho. Kesho yake akasema kesho.

Siku chache kabla ya ile Ijumaa, mama Shouming akampigia simu. Alitaka kujua Ruolan anapenda shuka za rangi gani, nyekundu iliyoiva au nyekundu ya kawaida. Sauti yake ilikuwa na furaha. Wakaongea mambo ya shuka, wakaongea bei ya kamba wabichi sokoni, halafu mama akashusha sauti.

— Nilitaka kukushukuru, mwanangu. Umeniokolea mtoto. Barua yake ya kuacha kazi alikuwa ameshaiandika.

— Barua gani, mama?

— Ya chuo. Si alikuwa anakufuata Geneva? Aliniambia mkifika huko hamrudi tena.

Ruolan akakaa kitandani. Yeye ndiye aliyembembeleza Shouming aje Geneva japo likizo moja, na Shouming ndiye aliyekataa hata kuomba pasipoti. Kurudi baada ya miaka miwili walishakubaliana kabla hajajaza fomu yoyote.

— Mama, Shouming hakuwa anakwenda popote. Nilikuwa naenda mimi, kisha narudi.

Kwenye simu Ruolan alisikia televisheni ya mama ikiendelea na mchezo wake wa opera.

— Aliniambia maneno hayakuingii, mama akasema mwishowe. Akasema kila jambo una jibu lake, umesoma sana. Akasema hutasikia mpaka unione nimeshuka chini.

— Alisema hivyo mwenyewe?

— Mimi miaka ishirini nimekuwa msuluhishi wa mtaa huu, Ruolan. Nimewapatanisha watu waliokuwa wanarushiana sufuria. Sijawahi kumpigia mtu magoti. Nimempigia msichana asiye na kosa, kwa uongo wa mtoto wangu.

Akaanza kulia. Ruolan akataka kumnyamazisha, mama akamkatiza. Alisema yeye ndiye aliyepiga magoti, na sasa anamrudishia neno lake, aende zake Geneva bila deni kwake. Kuhusu Shouming, alisema hilo Ruolan alimalize na Shouming, maana yeye hajui hata amwangalie kwa jicho gani.

Mchana ule Shouming alikuwa darasani. Ruolan alingoja nje mpaka wanafunzi wakatoka. Alipoingia, alimkuta anafuta ubao, na nusu ya maneno bado yalikuwa yanasomeka: ridhaa, tishio, batili. Alikuwa amewafundisha jinsi sheria ya mataifa ya leo inavyosema, kwamba mkataba uliopatikana kwa kumtisha mjumbe au kwa kuitisha nchi yake hauna nguvu yoyote. Aligeuka akatabasamu.

— Umekuja kunichukua twende chakula cha mchana?

— Barua ya kuacha kazi iko wapi?

Tabasamu likabaki pale pale usoni kwa muda, halikujua liende wapi.

— Hayo tuyaongelee nyumbani, Lan.

— Iko wapi?

— Hakuna barua.

— Ulimwambia mama unanifuata na hurudi. Ukamwambia apige magoti.

— Sikumwambia apige. Nilisema tu... kwa maneno wewe hushindiki.

— Mama ana goti bovu, Shouming. Ulisimama mlangoni na chupa ya siki ukamwangalia yuko sakafuni. Nilijiuliza kwa nini huji kumwinua. Ulikuwa unasubiri niseme kwanza.

Shouming akaweka kifutio. Hasira ilimjia ghafla, ile hasira ya mtu aliyekamatwa.

— Hakuna aliyekushika mkono. Kinywa ni chako. Ulisema mwenyewe huendi.

— Na wale wajumbe wa mwaka 1858, nani aliwashika mkono? Meli zilikuwa zimetia nanga mtoni tu. Kalamu waliishika wenyewe. Wewe umetoka kuwaambia watoto wa watu sasa hivi kwamba saini ile si saini.

— Usimlinganishe mama yangu na manowari.

— Mama yako simlinganishi na kitu. Amedanganywa kama nilivyodanganywa mimi. Wewe ndiye uliyempandisha mtoni.

Shouming akakaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakagonga ubao wa chini. Akaanza kuongea akiwa anatazama mikono yake. Alikuwa na miaka tisa baba yake alipoondoka. Kila Jumapili walikuwa wanapigiwa simu, na yeye alikuwa anakaa karibu na simu tangu anapoamka. Simu zikawa fupi. Zikawa za sikukuu tu. Siku moja alipiga yeye, akapokea mtoto mwingine, akamuuliza kwa Kiingereza yeye ni nani. Alisema Ruolan alipomwonyesha barua ya Geneva, alisikia sauti ya yule mtoto.

Ruolan alitaka kumshika kichwa amlaze kifuani. Mwili wake wote ulitaka hivyo. Hakumshika, kwa sababu alijua akimshika tu, suala lingekwisha pale, na lingekuwa limekwisha kwa namna aliyoitaka Shouming.

— Ungeniambia hivi. Ungeniambia tu hivi.

— Ungebaki?

— Sijui. Lakini ningekuwa mimi ndiye ninayeamua.

Shouming akauliza kama Ijumaa bado ipo. Wafunge ndoa kwanza, akasema, ya Geneva wataongea wakiwa mume na mke. Ruolan akachukua mkoba wake, akasema atakuja.

Mimi ningekuwa yeye nisingekanyaga pale, na nilimwambia hivyo, maana tunafundisha korido moja na hakuna siri inayodumu kwenye korido ile. Akanijibu kwamba anataka kuona Shouming atafanya nini. Nikamwambia atafanya wanachofanya wanaume wote, atasaini haraka kabla hujabadili nia. Akasema labda. Alikuwa bado anampenda, na hilo lilimkera kuliko uongo wenyewe.

Ijumaa ofisi ya ndoa ilijaa. Mabibi harusi wa shati jeupe, wapiga picha, mama mmoja anagawa pipi kwa watu asiowajua. Shouming alikuwa amenyoa, ameshika vitambulisho vyote viwili. Ruolan alivaa gauni la kawaida la kazini. Simu yake ilikuwa mkobani, na ndani ya simu barua mbili za Geneva, ya kukubali na ya kukataa, zote hazijatumwa.

Wakaitwa kwenye meza. Karani alikuwa binti mdogo wa hapa hapa Tianjin, ana maneno.

— Mbona sura hizi? Hapa ni kuoana, kuachana ni chumba cha pili.

Watu wa foleni wakacheka. Karani akapiga vitambulisho picha, akasoma majina yao, kisha akawauliza swali analomuuliza kila mtu, hata hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta.

— Nyote wawili mmekuja hapa kwa hiari yenu?

Ruolan alikuwa anamtazama Shouming. Hakumkonyeza, hakumkanyaga mguu. Alimtazama tu.

— Mimi ndiyo, Shouming akasema.

— Na wewe, dada?

Ruolan hajafungua kinywa, Shouming akaongea tena.

— Yeye hapana.

Karani akainua macho.

— Kaka, kila mtu hujibu kwa kinywa chake. Na utani tuna watu wake, wanalipwa jukwaani.

— Si utani. Nilimdanganya mama yangu ili amlazimishe kubaki. Alikubali kwa sababu hiyo. Kama anaoana nami leo, anaoana nami kwa sababu hiyo. Siwezi kukwambia ni hiari.

Yule mama wa pipi akabaki na mkono hewani. Karani alimtazama Ruolan kwa muda, akaona machozi yake, akavirudisha vitambulisho kwenye meza, kila kimoja mbele ya mwenyewe. Akasema kwa upole kwamba sheria haimruhusu kuendelea, na kwamba mlango uko wazi siku zote za kazi.

Walisimama kwenye ngazi za nje, watu wakiwapita na vyeti vyekundu mkononi, wakipiga picha.

— Ungeyasema hayo siku ile mama akiwa sakafuni, Ruolan akasema, leo tungetoka humu mume na mke.

— Najua.

— Nakwenda Geneva.

— Najua hilo pia.

Alitoa simu pale pale, akatuma barua ya kukubali, na Shouming akaangalia kidole chake kikibonyeza. Uso ulimvurugika, akajikaza, lakini machozi yakamtoka.

— Lan, naomba kukuuliza kitu kimoja.

— Usiniulize.

— Hujui nataka kuuliza nini.

— Najua. Na nikikujibu hapa, umesimama unalia mbele yangu, nitasema ndiyo, na wala hatutajua ni ndiyo ya nani. Niulize nikiwa huko. Niulize mahali ambapo hakuna mtu anayeniangalia.

Akashuka ngazi, akasimamisha teksi. Alilia njia nzima, na dereva, mtu wa makamo, akazima redio kwa heshima.

Wiki tatu baadaye aliondoka. Mama Shouming alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, akamtilia kwenye begi chupa ya siki na soksi za sufu. Shouming hakuja, na Ruolan alielewa kwa nini.

Alipotua, simu ilipopata mtandao, ujumbe ulikuwa unamngoja.

“Mama anasema umeondoka salama. Sina haki ya kukuuliza, na ukikaa kimya nitaelewa. Naruhusiwa?”

Hakujibu siku ile. Alitafuta chumba chake, akalala, akaamka saa za ajabu, akaenda kuripoti kazini, akaonyeshwa meza yake na dirisha lake. Hakuna aliyemjua hapo wala aliyemsubiri aseme neno lolote. Alikaa, akafungua simu, akaandika bila kufuta hata mara moja.

“Uliza.”